Angie Thomas na riwaya za vijana: ni kalamu yake au ni majira yaliyomkuta?

Msomaji wa Ilala

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma riwaya za vijana za Marekani, zile zinazoshughulika na maisha kama yalivyo, yaani shule, familia, mtaa, mapenzi ya kwanza na misiba ya mapema, zisizo na majoka wala falme za kubuni. Miongoni mwa waandishi wa kundi hilo waliochomoza miaka ya karibuni, anayetajwa sana ni Angie Thomas wa Jackson, Mississippi. Riwaya yake ya kwanza, The Hate U Give, ilitoka Februari 2017. Kabla haijachapishwa, kampuni 13 za uchapishaji ziliugombania mswada wake mnadani, na ilipofika 2018 filamu ilikuwa tayari kwenye majumba ya sinema.

Hoja yangu ni kwamba kilichombeba ni majira. Riwaya ile ilizaliwa na machafuko ya Ferguson ya mwaka 2014, baada ya polisi kumuua kijana mweusi Michael Brown, ikafika sokoni wakati taifa zima linabishana kuhusu polisi na vijana weusi, na kila mwalimu na mzazi alikuwa akitafuta kitabu cha kumpa mtoto. Mwandishi mwingine yeyote mwenye kipaji cha kadiri angelipata mafanikio yaleyale kama angelifika sokoni siku ile. Anayeona vinginevyo aje na ushahidi.

Binti Makorora

Ndugu yangu wa Ilala, umesoma kitabu kile kweli, au umesoma habari za kitabu? Nauliza kwa upendo.

Rudi kwenye sura za mwanzo. Starr Carter, msichana wa miaka 16, yumo garini na Khalil, rafiki yake wa utotoni, wametoka kwenye sherehe ambako risasi zimelia. Polisi anawasimamisha. Mwandishi hatuelezi habari za ubaguzi hata kwa sentensi moja. Anatuambia tu kwamba Starr alipokuwa na miaka 12 wazazi wake walimketisha wakamfundisha namna ya kukaa mbele ya polisi: mikono ionekane, usifanye jambo la ghafla, usiseme mpaka usemeshwe. Kisha tunamtazama Khalil akikosea somo lile hatua kwa hatua, kwa kuuliza kwa nini amesimamishwa, na mwisho kwa kufungua mlango ili amuulize Starr kama yu salama. Anapigwa risasi akimjali mwenzake. Kilichokuwa garini kilikuwa brashi ya nywele. Na tangu hapo Starr hamwiti yule askari kwa jina, bali kwa namba ya beji yake, Mia na Kumi na Tano, kwa sababu ndicho alichokariri akiwa ameelekezewa bastola.

Mambo hayo hayaletwi na majira. Watu wengi walikuwa na hasira mwaka ule, lakini hasira haimfundishi mtu kuchagua brashi ya nywele.

Karani wa Zamani

Naomba kurekebisha jambo moja katika chapisho la kwanza. Riwaya haikuzaliwa na Ferguson. Mbegu yake ni hadithi fupi ambayo Angie Thomas aliiandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Belhaven, hapohapo Jackson, baada ya Oscar Grant, kijana mweusi, kuuawa na askari wa reli katika stesheni ya Fruitvale, Oakland, alfajiri ya mwaka mpya wa 2009. Aliiweka kando, na vifo vya vijana wengine vilivyofuata ndivyo vilivyomrudisha kwenye hadithi ile akaikuza ikawa riwaya. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu majira, anza kuhesabu mapema zaidi, maana mswada ulikaa moyoni mwake miaka mingi kabla ya majira hayo unayoyasema.

Mama Wawili, Columbus

Salaam kutoka Ohio. Mimi nitazungumzia nyumbani kwangu, kwa kuwa mijadala ya mnada na tuzo siiwezi.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam, tukahamia huku akiwa mdogo. Alipoingia sekondari nikawa ninamsikia kwenye simu akizungumza kwa sauti ambayo sikuijua, halafu anakata simu na kunijia jikoni na sauti yake ya nyumbani. Nilidhani ananificha jambo. Kitabu hiki kiliingia nyumbani kupitia maktaba ya shule, nami nikakisoma baada yake. Starr anasoma Williamson, shule ya kulipia iliyojaa watoto weupe, na anaishi Garden Heights, mtaa wa watu weusi. Shuleni anajizuia asitumie lugha ya mtaani, asionyeshe hasira, asimpe mtu sababu ya kumwona msichana wa mtaani. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikamwita mwanangu, tukazungumza hadi usiku. Sijui kama ni kalamu au ni majira, lakini najua kwamba nilielewa nyumba yangu kupitia binti wa kubuni wa mwandishi wa Mississippi.

Binti Makorora

Asante sana, Mama Wawili. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafutia maneno.

Mchapishaji Mstaafu

Kalamu na majira yote mmeyataja, lakini mmesahau mlango na anayeushika.

Mnamo Machi 2014, Walter Dean Myers, mwandishi mweusi aliyeandika riwaya za vijana kwa miongo mingi, aliuliza katika gazeti la New York Times watu wasio weupe wako wapi katika vitabu vya watoto. Alitaja hesabu ya kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin: katika vitabu 3,200 vya mwaka 2013, vilivyohusu watu weusi vilikuwa 93 tu. Myers alifariki Julai mwaka huohuo, lakini waandishi walikwisha kuanzisha kampeni iliyokuja kuwa shirika la We Need Diverse Books, na shirika hilo likaanzisha ruzuku kwa jina lake kwa waandishi ambao hawajachapishwa. Miongoni mwa waliopewa ruzuku hiyo kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, ni Angie Thomas.

Mwaka huohuo alimuuliza wakala wa fasihi kwenye Twitter kama riwaya ya vijana inayogusa Black Lives Matter, vuguvugu la kupinga mauaji ya watu weusi, ingeweza kupokelewa. Fikirini swali lile. Mwandishi mwenye mswada wa namna hii alikuwa na shaka kama anaruhusiwa hata kuuonyesha! Wakala akaomba kuusoma, na mengine mnayajua. Kwa maoni yangu waandishi wa kiwango chake walikuwapo miaka yote, ila mlango ulikuwa umefungwa, na waliokuja kuusukuma ni watu wengi kwa pamoja.

Msomaji wa Ilala

Mzee Mstaafu, shikamoo. Naona unanisaidia bila kukusudia, kwa maana mlango kufunguka mwaka 2015 ndiyo majira yenyewe ninayoyasema. Binti Makorora, kitabu nimekisoma chote, na brashi ya nywele naikumbuka vizuri. Sikatai kwamba mwandishi ana mkono mzuri. Nasema mkono mzuri peke yake haukusanyi kampuni 13 mnadani.

Kijana wa Kisauni

Kama ni majira, Mkuu, tuelezee habari ya All American Boys. Jason Reynolds na Brendan Kiely waliitoa mwaka 2015, miaka miwili kabla ya Thomas, nayo inahusu kijana mweusi anayepigwa na polisi dukani kwa kudhaniwa mwizi. Kekla Magoon alitoa How It Went Down mwaka 2014, kuhusu kijana mweusi aliyepigwa risasi na mzungu, na kila shahidi anaeleza alichokiona kwa namna yake. Zote zimeandikwa vizuri na zimepewa heshima. Wote hao walikuwa na majira yaleyale unayoyasema, tena waliwahi kufika. Mbona kilichokwenda hadi Hollywood ni cha Thomas?

Mchapishaji Mstaafu

Kijana wa Kisauni, hilo ni swali zuri, ila usisahau kwamba haki za filamu ziliuzwa mwaka 2016, kitabu chenyewe kikiwa hakijatoka. Kitabu kinachokwenda dukani huku kila muuzaji anajua kwamba filamu yake inakuja hakiuzwi kwa nguvu sawa na kile ambacho mwandishi anakibeba mwenyewe mkononi.

Fanani wa Temeke

Wakubwa, mnazunguka sana na jibu liko masikioni. Mama huyu alikuwa rapa kabla hajawa mwandishi. Alirap akiwa kijana, na jarida la burudani la Right On! liliwahi kuandika habari zake. Jina la kitabu cha kwanza limetoka kwa rapa Tupac Shakur, kutokana na ufafanuzi wake wa maneno THUG LIFE, kwamba chuki wanayopewa watoto wadogo humharibia kila mtu, na Khalil anamweleza Starr maana hiyo garini muda mfupi kabla ya kusimamishwa. Jina la kitabu cha tatu, Concrete Rose cha mwaka 2021, nalo linatoka kwenye shairi la Tupac la waridi lililoota kwenye zege. Kitabu cha pili, On the Come Up cha mwaka 2019, ni habari ya Bri, binti wa miaka 16 anayetaka kuwa rapa kama marehemu baba yake.

Someni sentensi zake kwa sauti. Ni fupi, zina mapigo, na zinakatika palepale ambapo msemaji wa mtaani angevuta pumzi. Kijana anasikia mtu anayeongea naye wala si mwalimu. Waandishi wengi wa riwaya za vijana wanaandika kama watu wazima waliojifunza msamiati wa vijana kutoka mbali, na kijana akisoma ukurasa mmoja tu anajua.

Mwalimu wa Nakuru

Ninasimamia chama cha wasomaji katika shule ya sekondari, na hoja ya Fanani wa Temeke nimeishuhudia. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumaliza kitabu nje ya vile vya mtihani alimaliza On the Come Up, akaniletea na kuniuliza kama kuna kingine. Kilichomshika kilikuwa friji. Mama yake Bri anapoteza kazi ya ukatibu kanisani, umeme na chakula vinakuwa vya mashaka, na Bri anauza pipi na chokoleti shuleni ili apate hela kidogo. Walinzi wa shule wanamshuku na kumwangusha chini. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba hakujua mtu anaweza kuandika kitabu kuhusu kuogopa kufungua friji.

Lakini niseme pia upande wa pili, maana baadhi ya wazazi walilalamikia lugha ya matusi iliyomo, nami siwadharau. Malalamiko hayo yako hata kwao. Mwishoni mwa 2017 wilaya ya shule ya Katy, Texas, iliiondoa The Hate U Give shuleni baada ya mzazi kulalamika, na wanafunzi wakaipigania. Mwaka 2018 chama cha askari polisi huko South Carolina kilipinga isiwekwe kwenye orodha ya kusomwa wakati wa likizo. Katika orodha za Chama cha Maktaba cha Marekani za vitabu 10 vinavyopingwa zaidi, imo mwaka 2017, 2018, 2020 na 2021.

Karani wa Zamani

Mwalimu, naongeza kwamba mkasa wa kitabu kupigwa marufuku ulimchochea pia alipokuwa akiiandika On the Come Up. Bri anatoa wimbo, watu wanachukua mistari miwili mitatu wanamwita mhuni, na hakuna anayeuliza anachokusudia. Mwandishi aliyeona kitabu chake kikihukumiwa kwa maneno machache anajua anachokiandika.

Mpenda Sinema

Mimi nimependa zaidi filamu. Tukio la mdogo wake Starr kuokota bastola na kumwelekezea King, kiongozi wa genge la mtaa, katikati ya ghasia ndilo tukio lenye nguvu kuliko yote katika kitabu, na nadhani linajibu swali la mafanikio yake. Mwandishi alithubutu kuonyesha chuki inavyomfikia mtoto mdogo kabisa.

Binti Makorora

Mpenda Sinema, tukio hilo halimo kitabuni. Ni la filamu, iliyoongozwa na George Tillman Jr. na kuandikiwa mswada na Audrey Wells, ambaye kwa huzuni alifariki siku moja kabla haijaanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Katika kitabu duka la baba yake Starr linachomwa moto, na majirani ndio wanaosimama kusema aliyelichoma. Kwangu hilo lina uzito zaidi, kwa sababu kitabu kizima kinahusu mtu kuthubutu kusema alichokiona.

Mpenda Sinema

Hata hivyo nasimama na filamu. Mtoto mwenye bastola anaonekana kwa sekunde chache na hutomsahau.

Mkazi wa Hamburg

Habari za asubuhi kwa wana jukwaa. Hoja ya majira inanipa shida kwa sababu moja. Mwaka 2018 tuzo ya fasihi ya vijana ya Ujerumani, katika kipengele ambacho majaji wake ni vijana wenyewe, ilikwenda kwa kitabu hiki. Mwaka huohuo kikapata tuzo ya Waterstones ya vitabu vya watoto huko Uingereza. Kijana wa Hamburg hana deni lolote kwa mijadala ya Mississippi, na polisi wake hawasimamishi magari kwa mtindo ule. Binti wa jirani yangu, Mjerumani, alinieleza kuwa kilichomshika ni urafiki wa Starr na Hailey, mwenzake mweupe wa shuleni, unavyokufa polepole. Starr anaweka mtandaoni picha ya mwili wa Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na Hailey anaacha kumfuatilia bila kumwambia. Kila kijana aliyewahi kuachwa na rafiki bila maelezo anaujua uchungu huo.

Msomaji wa Ilala

Mkazi wa Hamburg, hapo umenipa la kufikiri. Hata hivyo, kitabu kilichotamba Marekani hufika Ulaya kikiwa na jina tayari. Majira ya New York husafiri kwa ndege.

Mjukuu wa Bi Kidawa

Naomba niingie kwa upande ambao haujaguswa. Mimi ni msomaji mweusi ninayeishi Toronto, na nimechoka. Riwaya za vijana weusi zinazosifiwa zaidi ni zile ambamo kijana anakufa, anafungwa au anaangushwa chini na walinzi. Watoto weupe wanapewa riwaya za mapenzi ya likizo na za kuchekesha, sisi tunapewa mazishi. Je, si kweli kwamba soko lilimkumbatia Thomas kwa sababu maumivu yetu ndiyo yanayouzika?

Binti Makorora

Dada, hoja yako ni nzito na siwezi kuitupa. Ila nakuomba usome Concrete Rose kabla hujamhukumu. Kinarudi nyuma hadi Maverick, baba yake Starr, akiwa na miaka 17, mwanachama wa genge la King Lords, ambaye baba yake yuko gerezani, na anagundua kwamba mtoto mchanga aliyedhaniwa kuwa wa rafiki yake ni wake. Mama wa mtoto anamwachia. Nusu ya kitabu ni kijana wa kiume anayebadilisha nepi, anayekesha na mtoto anayelia kisha anakwenda shule macho mekundu, na anayefundishwa na mzee mwenye duka jirani kupogoa mawaridi. Kuna kifo ndani yake, sikatai. Lakini ni wapi tena katika riwaya za vijana umeona mvulana mweusi akijifunza kumbeba mtoto na kurasa zote hizo zikatumika kumtazama kwa upole?

Mama Wawili, Columbus

Na ndani ya The Hate U Give kuna kicheko kingi, Mjukuu. Wazazi wa Starr wanapendana mbele ya watoto wao, wanataniana, wanagombana na kupatana. Baba anawakaririsha watoto hoja kumi za Black Panther, chama cha siasa cha watu weusi, kama vile sisi tulivyokaririshwa sala. Mjomba Carlos ni polisi, na anampenda mpwa wake kwa dhati, jambo linaloifanya kesi iwe ngumu zaidi kwao wote. Nadhani familia ile ndiyo iliyonishika, zaidi ya risasi.

Mjukuu wa Bi Kidawa

Nitasoma Concrete Rose. Lakini tazameni kilichopewa filamu kwanza na kilichopewa mabango. Hoja yangu ilihusu soko, wala haikumhusu yeye. Nafurahi pia kwamba mwaka 2021 alishirikiana na waandishi wenzake watano wanawake weusi kuandika Blackout, mkusanyiko wa hadithi za mapenzi wakati umeme umekatika New York, na kwamba mwaka 2023 aliingia kwenye fantasia za watoto kwa kitabu cha Nic Blake. Mwandishi mweusi naye anayo haki ya kuandika kuhusu uchawi bila kuulizwa msiba uko wapi.

Kijana wa Kisauni

Nirudi kwenye jambo linaloniumiza. Tunajadili binti wa Jackson kwa sababu wa kwetu hawafikiwi. Ken Walibora alituandikia Siku Njema mwaka 1996, na safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake ni riwaya ya kijana yenye uhalisia kama yoyote ya Marekani. Wakenya wengi tuliisoma kwa kuwa ilitahiniwa. Kisha orodha ikabadilika, na kitabu kisichotahiniwa hakiuziki. Tuzo ya Burt, iliyowahi kuwazawadia waandishi wa riwaya za vijana hapa Afrika Mashariki, ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Kijana anayetaka kumsoma kijana mwenzake kwa Kiswahili nje ya darasa anakwenda wapi?

Mchapishaji Mstaafu

Anakwenda kwenye simu yake, mwanangu, kwenye hadithi za mitandaoni zinazotoka sehemu kwa sehemu. Waandishi wake wapo, wana wasomaji wengi, na baadhi yao wana sikio lilelile ambalo Fanani wa Temeke alilisema. Kinachokosekana ni mhariri wa kukaa nao na maktaba ya mtaa. Kumbukeni kwamba Angie Thomas alishuhudia watu wakirushiana risasi bustanini akiwa na miaka sita, na kesho yake mama yake akampeleka maktaba ili aone kwamba dunia ni kubwa kuliko alichokiona. Maktaba ile ilikuwapo kabla ya majira yote tunayobishania.

Fanani wa Temeke

Mzee, hapo maktaba siipingi, lakini mtoto aliingia nayo sauti ya mtaa wake. Bila ile, angetoka mwandishi mwingine kabisa.

Msomaji wa Ilala

Bado nasimama kwenye majira, ingawa sasa nina mambo matatu ya kuyapima upya: tuzo ya vijana wa Ujerumani, All American Boys, na huo mwaka 2009 wa Karani wa Zamani. Mwalimu wa Nakuru, yule mwanafunzi wako amepata kitabu kingine? Ninayo Concrete Rose nakala mbili, na basi la Nairobi linaondoka kila siku.

Mwalimu wa Nakuru

Hajapata, Mkuu. Nakutumia ujumbe wa faragha sasa hivi.